Kofia ya Biri na Wembe Wake

Biri, ile sigara nene iliyosokotwa kwa majani matupu ya tumbaku bila karatasi, haivutiki kama ilivyotoka kiwandani. Kichwa chake, yaani ncha inayoingia mdomoni, kimezibwa, na sharti mvutaji akifungue kwanza. Akifungueje? Hapo ndipo penye mabishano, nayo ni ya zaidi ya karne moja. Wapo wanaoapia wembe mnyoofu unaokata kichwa bapa kwa mpigo mmoja. Wapo wanaopenda wembe wa umbo la V, unaochimba mfereji bila kuondoa ncha yote. Wengine hutoboa tundu la duara katikati ya kichwa, na wengine hawataki kifaa chochote maadamu meno yao ni mazima. Kwa kawaida swali hili hujibiwa kuwa ni suala la mapendeleo, kila mtu na lake. Nadhani jibu hilo ni la haraka mno. Ukiifuatilia historia ya ufundi huu kutoka Havana hadi Solingen na New York, utaona kwamba namna ya kukata iliamuliwa kabla biri haijafika mkononi mwa mvutaji. Aliyeiamua ni msokotaji, pale alipobandika kofia kwenye kichwa cha biri. Umbo la kichwa lilipobadilika, wembe nao ulibadilika kulifuata. Kwa hiyo mkato bora ni ule unaoufungulia moshi njia huku ukiiharibu kazi ya msokotaji kidogo iwezekanavyo.

Ushahidi wa kwanza ni biri ambazo hazikuhitaji kukatwa kabisa. Novemba 1492, Rodrigo de Jerez na Luis de Torres, watu wawili wa msafara wa Columbus waliotumwa bara ya kisiwa cha Cuba, walirudi na habari za wenyeji, wanaume kwa wanawake, waliotembea na kinga cha moto na majani ya kuvuta moshi. Padri Bartolomé de las Casas alikuja kueleza kitu chenyewe kilivyokuwa: majani makavu yaliyofungwa ndani ya jani jingine kavu, mfano wa bunduki za karatasi walizotengeneza watoto wa Kihispania siku ya Pentekoste, upande mmoja umewashwa na upande wa pili unanyonywa. Katika maelezo hayo hakuna kisu wala kofia. Kitu kilichosokotwa na kuvutwa pale pale hakikuwa na safari ndefu mbele yake, basi hakikuhitaji kufungwa ncha ili kisifumuke. Hali ni hiyo hiyo kwa biri za kusini mwa India, zile za Tiruchirappalli ambazo Waingereza waliziita Trichinopoly, na kwa biri za Burma: ziliachwa wazi pande zote mbili, na askari na makarani wa kikoloni waliozizoea waliziwasha bila kutafuta kisu. Italia nayo ina Toscano, iliyoanza kutengenezwa Firenze mwaka 1818. Ni biri ngumu, nyembamba ncha zote mbili, isiyo na kofia. Ikikatwa hukatwa katikati, zikapatikana nusu mbili za kuvutwa kwa nyakati mbali mbali, na huo ni mkato wa kugawana au kuweka akiba, haukusudiwi kufungua kitu kilichozibwa. Mfano ninaouona mzuri kupita yote ni biri ndefu nyembamba za Austria na Uswisi, Virginia na Brissago, ambazo husokotwa kuzunguka unyasi mmoja uliopita ndani kutoka ncha hadi ncha. Mvutaji huuchomoa unyasi, na njia ya moshi iko tayari. Kaisari Franz Joseph wa Austria alikuwa mvutaji wa biri hizo. Mtu aliyekuwa na uwezo wa kuagiza kikata biri cha dhahabu kutoka popote duniani hakukihitaji, kwa kuwa msokotaji alikwisha kuimaliza kazi ya kufungua.

Kofia, basi, haikutokana na uvutaji wenyewe. Ilitokana na biashara. Biri ya Kihispania, iliyosokotwa kwa majani ya Cuba, ilitakiwa ivuke bahari, ilale ghalani miezi, ihamishwe kutoka sanduku hadi sanduku, kisha ifike dukani ikiwa na ngozi nzima. Mjini Sevilla Serikali ya Hispania ilijenga kiwanda cha tumbaku chenye ukubwa wa ngome, kazi iliyoanza mwaka 1728, na katika karne ya 19 maelfu ya wanawake walisokota biri humo. Jengo hilo sasa ni la Chuo Kikuu cha Sevilla, na wengi hulijua kwa sababu ya opera ya Carmen ya mwaka 1875. Vita vya Rasi ya Iberia, kuanzia 1808 hadi 1814, viliwapeleka askari wa Uingereza na Ufaransa katika nchi ya biri, nao wakarudi makwao na tabia hiyo. Mwaka 1817 Mfalme Ferdinand wa Saba alifuta ukiritimba wa tumbaku uliokuwa umeibana Cuba kwa miaka mia moja, na Havana ikafunguka. Por Larrañaga ilianza 1834, H. Upmann 1844, Partagás 1845. Kuanzia hapo biri yenye kichwa kilichofungwa ikawa ndiyo biri ambayo dunia iliifikiria ilipotaja neno hilo, na ndipo swali la kukata likawa swali la watu wengi.

Inafaa tuikaribie meza ya msokotaji, kwa maana bila kuiona kofia inavyobandikwa, mjadala mzima wa nyembe huelea hewani. Mbele yake kuna ubao wa mti mgumu, kikopo cha gundi ya mimea isiyo na ladha, na chaveta, kipande bapa cha chuma chenye makali ya mviringo kisicho na mpini, ambacho mkono wake hukikandamiza kama sehemu ya kiganja. Hukusanya majani ya ndani, huyakunja moja moja ili hewa ipate mwanya, huyafunga kwa jani la pili, kisha huviringisha jani la nje, lile jembamba laini lililochaguliwa kwa rangi na mishipa yake midogo. Jani la nje huanzia mguuni, ncha itakayowashwa, na kupanda kwa mshazari hadi kichwani. Hapo lina tabia ya kutaka kufunguka. Msokotaji huichonga ncha yake kwa chaveta ikawa mfano wa kibendera, akaipaka gundi kiasi cha kugusa kwa kidole, akaizungushia kichwa mpaka kikajifunga. Juu yake hubandika kiduara kidogo kilichokatwa kwenye jani lile lile kwa kifaa cha mduara kiitwacho casquillo. Biri nzuri za Cuba huonyesha hapo mistari miwili au mitatu ya majani yaliyopandana, na mwisho wa mistari hiyo, pale kichwa kilichopinda kinapokutana na mwili ulionyooka, pana ukingo ambao mafundi huuita bega.

Bega hilo ndilo linaloamua kila kitu. Wembe ukipita juu yake, kofia hubaki na mviringo wake wa chini umelishika jani la nje, na biri huvutwa hadi mwisho ikiwa imara. Wembe ukipita chini yake, kifungo kimeondoka chote. Jani la nje halina tena kinacholishika, mate na joto huilegeza gundi iliyosalia, na baada ya dakika kumi mvutaji ana matambara mdomoni. Wauzaji wote wa zamani walilirudia sharti hilo, kwamba ukate juu ya bega, kiasi cha milimita mbili tu kutoka kileleni. Mtu anaweza kulidhani kanuni ya adabu, ya aina moja na namna ya kushika uma mezani. Lakini limetoka katika mpangilio wa gundi na majani, na mtu yeyote aliyeisokota biri angelifikia bila kufundishwa. Umuhimu wake uliongezeka jani la nje lilipozidi kuwa jembamba. Mwaka 1863 Mholanzi Jacobus Nienhuys alifika Deli, pwani ya mashariki ya Sumatra, na muda si mrefu majani ya huko, membamba mno na yenye kunyumbulika, yakawa yakigombewa Ulaya kwa kazi ya kufunika biri. Faida yake ilikuwa kubwa kiasi kwamba Wajerumani walitaka kuifuata hata kwetu: mwishoni mwa miaka ya 1880 kampuni yao ya mashamba ilipanda tumbaku Lewa, bara ya Pangani, na mwaka 1892 vibarua wa Kichina na Kijava waliletwa huko kutoka Singapore. Jaribio halikufaulu, na tumbaku ikaachwa. Hata hivyo linaonyesha uzito wa jani hilo katika biashara ya wakati ule. Jani jembamba halisamehe wembe butu. Halikatiki, huchanika, na mpasuko ukishaanza kichwani huteremka na mwili.

Sasa tutazame vifaa. Biri nyingi za karne ya 19 zilikuwa na kichwa kilichochongoka, na nyingine zilichongoka pande zote mbili zikiwa nene tumboni. Kichwa chembamba namna hiyo hakihitaji wembe mpana. Kisu cha mfukoni kiliwatosha wengi, na hapa tuna shahidi wa kuaminika katika riwaya za upelelezi, kwa sababu mwandishi wake alitegemea wasomaji waelewe alama alizozitaja. Arthur Conan Doyle, katika kisa cha Bonde la Boscombe cha mwaka 1891, anamfanya Sherlock Holmes agundue kutokana na kipande cha biri kwamba muuaji hubeba kisu butu, kwa vile ncha ilikatwa lakini mkato haukuwa safi. Miaka miwili baadaye, katika kisa cha mgonjwa anayeishi kwa daktari, Holmes anavitazama vipande vinne vya biri: viwili vilikatwa kwa kisu kisicho na makali ya kutosha, viwili viling'atwa na meno mazuri sana, na kutokana na hayo anajua chumbani kulikuwa na zaidi ya mtu mmoja. Kisa ni cha kubuni, ila mazoea yaliyomo ni ya kweli. Msomaji wa London wa wakati huo aliona ni jambo la kawaida kwamba wavutaji hutofautiana kwa namna ya kufungua, na alijua kwamba kisu cha kuchongea kalamu hakikutengenezwa kwa ajili ya kazi hiyo. Pengo hilo ndilo lililojazwa na mafundi wa visu wa Solingen, Ujerumani, na wenzao wa Sheffield na Birmingham. Vikata biri vidogo vya chuma na fedha vilining'inizwa kwenye mnyororo wa saa, na vingi vyao vilikuwa na wembe wa umbo la V au tundu dogo la kuingizia ncha tu. Sababu ya umbo hilo ni kichwa kilichochongoka: mfereji mdogo uliokatwa juu yake hufungua njia ya moshi pande mbili na kuyaacha mabega mazima. Kifaa kilipimwa kwa kichwa kilichokuwepo.

Jinsi ukataji ulivyoenea inaonekana vizuri zaidi katika vile vilivyotupwa. Ujerumani ya mwisho wa karne ya 19 ilikuwa na vyama vya hisani vilivyokusanya ncha za biri. Mvutaji alikata kichwa cha biri yake, na badala ya kukitupa alikidondosha katika sanduku lililowekwa barazani pa kilabu au mezani pa mkahawa. Ncha hizo, tumbaku safi ambayo haijaguswa na moto, ziliuzwa zikasagwa au kukatwakatwa kwa matumizi mengine, na fedha zikawanunulia watoto maskini nguo za Krismasi. Mji wa Lahr, katika jimbo la Baden, ulikuwa miongoni mwa vitovu vya juhudi za namna hii, na makao ya yatima yaliyofunguliwa huko mwaka 1885 yalijengwa kwa michango midogo midogo, ncha za biri zikiwemo. Fikiri maana yake. Ncha moja ina uzito wa chini ya gramu, haimtoshi hata mtu mmoja kwa mkupuo wa ugoro. Ili ncha zijenge nyumba, au zisaidie kuijenga, ilibidi watu wengi mno wakate biri kila siku, wakate kwa wembe wala si kwa meno, na wakate kipande kidogo kinacholingana. Sioni ushahidi mzito kuliko huo kwamba mkato safi wa juu ya bega ulikuwa desturi ya umma katika nchi nzima, na ningependa habari za watoto wa Lahr zitajwe zaidi kuliko zinavyotajwa katika vitabu vya biri vyenye picha za kupendeza.

Hapa pana pingamizi linalostahili kusikilizwa. Mtu atasema kwamba vikata biri vya fedha kwenye minyororo ya saa vilikuwa mapambo ya matajiri, na kwamba mabishano juu ya mkato bora ni mabishano ya watu walioshiba. Kwa sehemu ni kweli. Vifaa hivyo vilitolewa kama zawadi, vikachorwa nembo za familia, na vingi vimebaki vipya katika makabati ya wakusanyaji kwa sababu havikutumika. Lakini biri yenyewe, Marekani hasa, ilikuwa ya watu wa kawaida. Mfanyakazi wa reli na karani wa benki walinunua biri ya senti 5 katika duka la pembeni, na duka hilo lilikuwa na kikata biri cha chuma kilichopigiliwa misumari kwenye kaunta. Viwanda vya biri viligawa vifaa hivyo kwa wenye maduka vikiwa na jina la biri lililoandikwa kwa herufi kubwa, vingine vikiwa na taa ndogo ya kuwashia pembeni na vingine vikijiendesha kwa springi iliyofungwa kama ya saa. Mnunuzi aliingiza ncha katika tundu, akabonyeza, kipande kikadondokea kwenye droo iliyo chini. Matundu hayo yalikuwa na ukubwa tofauti tofauti kwenye kifaa kimoja, ili kila kichwa kipate tundu lake na wembe usiweze kuteremka zaidi ya ulivyopangiwa. Aliyelibuni tundu hilo hakumfikiria tajiri. Alimfikiria mtu mwenye haraka asiyejua bega liko wapi, akamwekea mpaka wa chuma ili asiharibu biri aliyoinunua kwa jasho lake. Kanuni ya meza ya msokotaji ilikuwa imehamia kaunta ya duka.

Pingamizi la pili ni la meno, na jibu lake linatupeleka mahali pa uchungu katika historia hii. Mtu akiuliza kwa nini asing'ate, kwa vile meno ni ya bure, jibu la kifundi ni jepesi: meno huponda kabla hayajakata, na kofia iliyopondwa hupasuka. Lakini kichwa cha biri kilikuwa pia mahali ambapo mdomo wa mvutaji ulikutana na mdomo wa mfanyakazi. Katika nyumba za kupanga za New York, familia za wahamiaji zilisokota biri katika vyumba vile vile walivyolala na kupikia, majani yakiwa yametandazwa sakafuni kando ya watoto. Samuel Gompers, aliyehamia New York kutoka London mwaka 1863 akiwa kijana msokotaji wa biri, alizitembelea nyumba hizo, akaandika habari zake, na akamwongoza Theodore Roosevelt kijana, wakati huo mbunge wa jimbo, kuzitazama kwa macho yake. Sheria ya kuzuia kazi hiyo majumbani ilipitishwa mwaka 1883, ikarudiwa mwaka 1884, na mwaka 1885 mahakama ya rufaa ya New York ikaitengua kwa hoja kwamba iliingilia uhuru wa mtu kufanya kazi nyumbani kwake. Uhuru wa kukohoa juu ya majani ya tumbaku usiku kucha ulilindwa, na hewa ya kuvuta haikulindwa. Katika hali ile ya kulipwa kwa idadi, msokotaji aliyekimbizana na hesabu alikifunga kichwa kwa njia ya haraka zaidi: alilowesha ncha ya jani kwa ulimi badala ya gundi, akaimalizia kwa meno. Kifua kikuu kilikuwa kimejaa katika nyumba hizo.

Miaka arobaini baadaye mazoea hayo ya umaskini yaligeuzwa silaha dhidi ya maskini wale wale. Katika miaka ya 1920 mashine za kusokota biri, zilizoendeshwa kwa kawaida na wanawake wanne kila moja, ziliwaondoa maelfu ya mafundi wa mkono Marekani. Kuelekea mwaka 1930 kampuni ya American Tobacco iliendesha kampeni kubwa ya matangazo kwa biri zake za Cremo, ikimtisha mvutaji kwamba biri ya mkono imepakwa mate kichwani na kwamba ya mashine ndiyo safi. Si kila msokotaji aliyelamba. Wale wa viwanda vyenye chama cha wafanyakazi walitumia gundi na walijivunia kuitumia, na lebo ya buluu ya chama chao, iliyobandikwa kwenye masanduku tangu mwaka 1880, ilikuwa imekusudiwa kumhakikishia mnunuzi hilo hilo. Tangazo halikutofautisha. Leo tunajua kwamba hatari kubwa ya biri ilikuwa moshi wake, ambao tangazo halikuutaja. Ninachotaka kukionyesha hapa ni kwamba kofia ilikuwa na maana kubwa machoni pa watu hivi kwamba ugomvi wote wa mkono na mashine uliweza kupiganwa juu ya sentimita moja ya jani. Na biri nyingi za bei nafuu za mashine zilipoanza kutoka kiwandani zikiwa zimekwisha kutobolewa kichwani, kikata biri cha kaunta kilikosa kazi. Sigara ya karatasi, isiyo na kofia yoyote, ilimaliza kilichobaki.

Wembe mnyoofu unaotawala leo ni matokeo ya mabadiliko mengine ya umbo. Katika karne ya 20 biri zilizochongoka zilipungua, na zile zilizonyooka kutoka mguuni hadi begani zenye kichwa cha mviringo zikawa za kawaida, kwa kuwa ni rahisi kusokotwa zikilingana na kupangwa sandukuni. Unene wa biri hupimwa kwa sehemu za 64 za inchi: biri ya corona ina 42, yaani karibu milimita 17, na ile fupi nene iitwayo robusto ina 50, karibu milimita 20. Tangu biri ilipopata umaarufu mpya Marekani katika miaka ya 1990, vipimo vimepanda hadi 60, na kuna zinazopita hapo. Kichwa kipana cha mviringo hakipendi tundu dogo la V la mnyororo wa saa. Kwa hiyo ulikuja wembe wa pande mbili, makali yanayokutana katikati kutoka kulia na kushoto, ili kichwa kisisukumwe upande mmoja kikapasuka upande wa pili. Kitobozi cha tundu la duara nacho kilipata nafasi yake katika biri nene, kwa sababu kichwa kipana kinaweza kupoteza kiduara katikati na bado kikabaki na ukingo mpana ulioshika. Winston Churchill, ambaye watu humtaja kila wanapotaja biri, alitumia njia iliyo karibu na hiyo: alilowesha kichwa na kukitoboa kwa njiti ndefu ya kiberiti, mwili wa kofia ukabaki wote. Upande wa pili wa mizani ipo Lanceros ya Cohiba, iliyosokotwa kwanza kwa ajili ya Fidel Castro katika miaka ya 1960, yenye unene wa 38 tu. Kichwa chake msokotaji hukimalizia kwa kusokota jani likawa kimkia. Kwenye kichwa chembamba namna hiyo kitobozi hakina pa kukaa, na wembe hutakiwa uondoe kimkia na chembe ya kofia tu. Umbo moja baada ya jingine, mvutaji amekuwa akijibu swali lililoulizwa na mkono mwingine.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote limebaki. Wengine watasema kwamba historia ya kofia na bega haina maana kwa mvutaji, kwa sababu kinachomhusu ni moshi, na moshi hutaka nafasi. Kata pana, wanasema, biri ivutike. Hesabu inaonekana kuwaunga mkono: tundu la kitobozi lenye kipenyo cha milimita 8 lina eneo la milimita za mraba 50 hivi, na mkato bapa wenye kipenyo cha milimita 14 unakaribia 154, mara tatu ya lile. Tena ni kweli kwamba tundu dogo huukusanya moshi mahali pamoja, likalowa na kujaa utomvu mchungu kabla biri haijafika nusu. Kwa biri nene nzito ningekubali kwamba wembe bapa una haki ya kutangulia, na kitobozi kina gharama yake. Lakini tukubali hapo tu. Ugumu wa kuvutika hauanzii kwenye tundu. Huanzia kwenye majani ya ndani, pale msokotaji alipoyakunja kwa kubana mno au alipoyalaza bila mwanya, na biri iliyobanwa tumboni haiponi kwa kukatwa kichwa chote. Viwanda vya Cuba vyenyewe vililikiri hilo. Mwishoni mwa miaka ya 1990, biri zilipozalishwa kwa haraka kuliko mafundi walivyoweza kufunzwa, malalamiko ya biri zisizovutika yalifika Havana kutoka kila soko. Dawa iliyochukuliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilikuwa mashine ya kupima mvuto iliyowekwa ndani ya kiwanda, nayo hupima fungu la majani ya ndani likiwa limefungwa kwa jani la pili tu, kabla ya jani la nje kuviringishwa na kabla ya kofia kubandikwa. Fungu lisilopitisha hewa hurudishwa kwa msokotaji, akalifungua na kulisokota upya.